Upepo ukishapita, kazi ndiyo inaanza

 

Kuna mama mmoja wa Kivu ninayemfahamu hapa Kentucky. Kila ikifika Desemba, usiku ukiwa na upepo, hulala amevaa viatu. Wanawe walikuwa wakimcheka, siku hizi hawamcheki tena. Yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie habari zake, ila nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Nazisimulia kwa sababu zinawahusu wengi wetu tulioletwa na maisha katika nchi ambayo hali yake ya hewa hatukuzaliwa nayo.

Kwetu upepo wa kuzunguka tunaujua. Wengine huuita chamchela, wengine kisulisuli. Unainua vumbi na majani uwanjani, watoto wanaukimbilia, kisha unakwisha. Kimbunga cha baharini nacho tunakijua, kama Hidaya kilichofika karibu na pwani ya Tanzania mwezi wa Mei 2024. Hicho hutangazwa siku kadhaa kabla, wavuvi wakavuta vyombo vyao, shule zikafungwa. Tonado ni kitu kingine. Hushuka kutoka kwenye wingu la radi, na muda wa kujificha baada ya onyo huhesabiwa kwa dakika. Inaweza kuja hata usiku wa manane, hata Desemba wakati watu wamekwisha kupamba nyumba kwa Krismasi.

Ndivyo ilivyokuwa Ijumaa ya tarehe 10 Desemba 2021. Tonado moja ilianzia kaskazini magharibi mwa Tennessee ikaingia magharibi mwa Kentucky, na ilikaa ardhini karibu saa tatu nzima. Ilitembea maili 165, yaani kilomita zaidi ya 260, ambayo ni ndefu kuliko safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Wataalamu wa hali ya hewa waliipa daraja la EF4, la pili kutoka juu, kwa upepo wa maili 190 kwa saa. Iliua watu 57 na kujeruhi mamia.

Njia yake haikuwa ya miji mikubwa. Ilipita mashambani, kwenye mabanda ya kuku, makanisa ya vijijini na miji midogo ambayo kila mtu anamjua mwenzake. Mayfield, mji wa watu wapatao elfu kumi, ulipigwa kama saa tatu na nusu usiku. Jengo la mahakama ya kaunti katikati ya mji liliharibika vibaya. Pembeni ya mji kulikuwa na kiwanda cha mishumaa, na zaidi ya watu 100 walikuwa zamu wakitengeneza mali ya sikukuu. Paa na kuta ziliwaangukia na 9 walifariki. Baadaye baadhi ya wafanyakazi walisema waliogopa kufukuzwa kazi kama wangeondoka mapema, na wenye kiwanda wakakanusha. Mbele zaidi, mji wa Dawson Springs wenye watu wasiofika elfu tatu ulipoteza mitaa mizima. Picha moja ya familia, iliyopigwa mwaka 1942, ilipeperuka kutoka Dawson Springs na kukutwa imeganda kwenye kioo cha gari huko New Albany, Indiana, zaidi ya kilomita 200. Kama karatasi ya picha inafika huko, fikiri pasipoti na vyeti vya kuzaliwa vinafika wapi.

Usiku huohuo, kama saa saba na robo, tonado nyingine ilipiga Bowling Green. Huo si mji wa magharibi kabisa, lakini kwa sisi una uzito wake. Kwa miaka mingi umepokea wakimbizi, wakiwemo Wabosnia, watu wa Burma na Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili. Huko nako walifariki zaidi ya watu 15, watoto wakiwa wengi miongoni mwao, na wahamiaji pia.

Yule mama alikuwa huko.

Nilikutana naye Jumatatu hospitalini, mahali nilipokuwa nafanya kazi. Mwenzangu aliniita kwa sababu karatasi yake ilisema lugha ni Kiswahili. Nikamwambia, "Jambo mama." Alinitazama kwanza, kisha akanishika mkono akakataa kuuachia.

Ijumaa usiku simu yake ililia kwa sauti kali. "Nikaizima," akaniambia. "Nilizania ni piblisite." Alifikiri ni tangazo la kampuni ya simu. Onyo liliandikwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba simu inaweza kulia yenyewe kukuambia ujifiche. Mtoto wake wa darasa la tano ndiye aliyewaokoa. Shuleni walikuwa wamefanya mazoezi, basi akawavuta wote bafuni, akawaambia walale ndani ya beseni la kuogea, wakajifunika godoro. Paa la chumba cha kulala liliondoka. Wao wakapona bila hata mchubuko.

Sasa, kama walipona, hospitalini alifuata nini? Ndilo jambo la kwanza ninalotaka tulishike leo. Jumamosi asubuhi alirudi kwenye kifusi kutafuta bahasha ya makaratasi ya ukimbizi, amevaa ndara. Msumari ukapenya ndara ukaingia unyayoni. Aliufunga mguu kwa kitambaa akanyamaza siku mbili kwa kuogopa bili.

Hakuwa peke yake katika hilo. Baada ya tonado ya Marion, Illinois, mwaka 1982, ilionekana kwamba nusu ya majeraha yote yalipatikana baada ya upepo kupita, watu wakiokoa wenzao na kusafisha, na karibu theluthi moja yalikuwa ya kukanyaga misumari. Kwa hiyo usiingie kwenye kifusi na ndara, hata kama ni kwa dakika mbili. Tafuta buti au viatu vyenye soli ngumu, glavu nene na suruali ndefu. Waya wowote ulioanguka uhesabu una umeme. Ukisikia harufu ya gesi, toka na watoto wote, usiwashe taa wala kiberiti, na upige simu ukiwa mbali.

Jeraha la kwenye kifusi si jeraha la jikoni. Udongo, mbao na vioo husukumwa ndani ya nyama kwa nguvu, na juu yake ngozi inaweza kuonekana imepata tundu dogo tu. Baada ya tonado ya Joplin, Missouri, Mei 2011, iliyoua zaidi ya watu 150, wagonjwa 13 walipata maambukizi ya ukungu adimu wa udongoni ulioingia kupitia majeraha. Watano kati yao walifariki. Ni ugonjwa wa nadra, sitaki mtu ashindwe kulala kwa ajili yake. Ila unatufundisha kwamba jeraha chafu lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, lisizibwe haraka, na lionwe na mtaalamu siku hiyohiyo. Likibadilika rangi, likivimba au likauma kuliko jana, rudi usisubiri miadi. Na uliza chanjo ya pepopunda. Kwa jeraha chafu, kama imepita miaka mitano tangu sindano ya mwisho, kwa kawaida utachomwa nyingine. Wengi wetu hatukumbuki tulichanjwa lini. Semeni hivyohivyo, hakuna aibu.

Mtu aliyebanwa na kifusi kwa saa kadhaa, hata akitolewa anaongea na kucheka, lazima apelekwe hospitali. Misuli iliyobanwa humwaga sumu kwenye damu pale inapoachiliwa, na moyo na figo vinaweza kushindwa baadaye. Usimpe chai ukamwambia akalale.

Jingine ni jenereta. Umeme ukikatika wakati wa baridi, watu huwasha jenereta barazani au ndani ya gereji, au huingiza jiko la mkaa ndani. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Familia nzima inaweza kulala isiamke. Jenereta ikae nje, angalau hatua kumi kutoka nyumbani, mbali na madirisha na milango. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata kama dirisha liko wazi. Wengi wetu tumekulia kwenye majiko ya mkaa, na ndiyo sababu hatuyaogopi inavyostahili.

Kwa wenye kisukari: insulini nyingi zinaweza kukaa nje ya jokofu siku 28 hivi mradi joto lisizidi nyuzi 30, kwa hiyo umeme ukikatika usiitupe kwanza, muulize mfamasia. Kwa dawa zote, piga picha lebo za chupa uzihifadhi kwenye simu. Mfamasia akiona lebo, kukusaidia ni rahisi zaidi.

Na ukifika hospitali, omba mkalimani. Hospitali nyingi za hapa hutoa mkalimani wa simu bila malipo. Msimtumie mtoto. Yule wa darasa la tano alikuwa ameshaokoa familia nzima. Hakupaswa tena kumtafsiria mama yake habari za sindano na bili.

Basi tukamtibu mama, tukamchoma sindano, akaenda zake kwa jamaa. Sasa naingia kwenye sehemu inayonihusu mimi, na si ya kujisifu.

Wiki ile ya kwanza watu walifurika. Msiwadharau Wamarekani wa mashambani. Wakulima walikuja na matrekta kusafisha viwanja vya watu wasiowajua, makanisa yalipika usiku na mchana, na mfuko wa jimbo ulisaidia gharama za mazishi. Sisi Waswahili pia tulichanga. Kikundi chetu cha WhatsApp kilijaa, tukapeleka mablanketi, maharage, mchele, nepi. Nami nilikwenda, nikamkumbatia mama, nikamwambia, "Nitakuja kila wiki."

Nilikwenda wiki mbili. Kisha zamu za usiku, kisha Krismasi, kisha mwanangu akaugua mafua. Januari yote sikupiga simu hata moja. Kila nilipomkumbuka niliona haya, na haya ikanifanya nizidi kunyamaza. Nadhani mnanielewa.

Nilirudi Februari. Ilikuwa zaidi ya siku 60 tangu tonado. Nilikuta wanaishi katika chumba kimoja cha jamaa, na jirani aliyekuwa akiwaletea chakula hakuja tena. Mguu umepona. Lakini mdogo kabisa, wa miaka minne, alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani, na kila upepo ukivuma alibeba mto wake akaenda kulala ndani ya beseni la bafu. Wenye nyumba walikuwa wakimgombeza. Mama mwenyewe hakuwa akilala.

Kisha akafungua droo akatoa barua. Ilitoka FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa. Mtu alikuwa amemsaidia kuomba msaada Desemba, na jibu likaja Januari likisema hastahili. Akaiweka kwenye droo. Nikamuuliza kwa nini hakumwonyesha mtu. Akasema, "Serikali ikikatala, utabishana nayo aje?"

Niliisoma mara mbili. Haikusema hastahili milele. Ilisema hakukuwa na uthibitisho kwamba alikuwa akiishi katika nyumba ile. Yaani ilikosekana karatasi moja! Na ilisema ana siku 60 za kukata rufaa tangu tarehe ya barua. Zilibaki tisa.

Siku ileile tulikwenda kwa aliyekuwa mwenye nyumba wake, akatuandikia barua. Tukapata bili ya umeme kwenye simu ya kijana wake. Tukapeleka rufaa, nami sikulala vizuri mpaka jibu lilipokuja. Alikubaliwa. Pesa haikuwa nyingi, lakini ilitosha kuanzia kodi ya nyumba nyingine. Nilifurahi, na niliogopa pia, maana kama ningechelewa siku kumi zaidi kwa ajili ya haya yangu, mlango ungekuwa umefungwa.

Kwa hiyo shikeni haya. Kwa utaratibu nilioukuta wakati ule, msaada wa fedha wa FEMA uliwahusu raia, wenye kadi ya kijani, wakimbizi na waliopewa hifadhi, na pia mzazi asiye na sifa hizo aliweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake ambaye ni raia. Wanafunzi wenye viza ya masomo kwa kawaida hawapati fedha hizo, lakini makazi ya dharura, chakula, maji na huduma ya kwanza ni vya kila mtu. Taratibu hubadilika, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuamua kwamba hamstahili. Kama mna bima, anzeni na bima. Kuomba hakulipiwi hata senti, na anayekutoza ni tapeli. Barua ya kukataliwa mpelekee mtu anayesoma Kiingereza vizuri siku ileile, na uangalie tarehe. Na wapangaji, wanafunzi hasa: bima ya mwenye nyumba hulinda nyumba yake, haigusi kompyuta yako wala kitanda chako. Bima ya mpangaji mara nyingi si ghali, ulizeni.

Kuhusu watoto, hofu ya upepo, kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo ya mama na ndoto mbaya ni mambo ya kawaida wiki za mwanzo. Msiwagombeze, na msiwaambie wameshakuwa wakubwa. Warudisheni kwenye ratiba ya chakula, shule na kulala. Waache wachore na kusimulia. Ikipita mwezi mmoja na hali haijapungua, mwambieni daktari. Watu wazima pia. Kwetu tumezoea kusema "tumshukuru Mungu tuko hai" kisha tunafunga mazungumzo. Kushukuru ni kuzuri, lakini mtu anaweza kushukuru na bado asilale. Hapa Marekani kuna simu ya msaada kwa walioathirika na maafa, 1-800-985-5990, saa 24, na wana wakalimani. Ukipokelewa kwa Kiingereza, taja tu "Swahili" usubiri.

Jambo la mwisho ni kabla, si baada. Mei 2025 tonado nyingine kali ilipiga kusini mashariki mwa Kentucky, upande wa Somerset na London, tena usiku. Itakuja nyingine. Leo jioni mkikaa mezani, elezaneni maneno mawili. Simu ikiandika "Tornado Watch", maana yake hali inaruhusu tonado, kaeni macho na viatu karibu. Ikiandika "Tornado Warning", imeonekana au rada imeiona, jificheni sasa hivi. Mahali ni chumba cha chini ya ardhi, na kama hakipo, chumba cha ndani kabisa cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha. Wanaoishi kwenye nyumba za trela wasikae humo. Wapange mapema jengo imara la kukimbilia, na waondoke mapema. Makaratasi yote yapigeni picha, mtumie ndugu wa jimbo lingine au wa nyumbani. Na mpigie simu mzee mmoja wa jamii yenu asiyejua Kiingereza, umweleze kwamba ile sauti kali ya simu si tangazo.

Kwetu msiba hauishi siku ya kuzika. Kuna matanga, kuna arobaini, na wengine hukumbuka mwaka. Wazee hawakuziweka siku hizo bure. Walijua kwamba watu hutawanyika, na wakaweka siku ya kuwarudisha. Huku ugenini hakuna wa kutupigia mbiu ya arobaini, basi tuiandike wenyewe kwenye simu. Siku mnapopeleka mablanketi, andika palepale tarehe ya siku ya 40. Ukifika, usiulize "mnaendeleaje" ukaondoka. Omba uone barua zilizoko kwenye droo.

Mimi yangu naiandika siku hizi. Jumapili iliyopita nilimpigia mama. Ana nyumba yake, na yule wa darasa la tano sasa amenipita urefu. Akaniuliza kama ninalala karibu na viatu vyangu. Nikamwambia ndiyo, mama, viko hapa chini ya kitanda.

Tukijaaliwa, tuonane mwezi ujao.